Kikombe cha Bati na Kahawa Mbivu

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha ikinifikia, vidole vya mkono wangu wa kulia hujaribu kukunjuka. Havikunjuki.

Nilikuwa mdogo, nimeungua mkono huo kwa uji wa moto. Pale hospitali ya misheni kulikuwa na mama mmoja, kazi yake kufundisha mikono iliyoharibika ifanye kazi tena. Alinipa kikombe cha bati na tawi la kahawa mbivu. "Chuma moja moja, mwanangu, kwa vidole hivyo hivyo." Nikachuma kumi na moja. Akanipigia makofi, akaniachia kikombe.

Njiani shangazi akamwambia baba, "Kaka, hiyo nayo tiba? Kahawa si anachuma hata nyumbani? Mpeleke kwa mkandaji. Kule mtoto analia, unajua anatibiwa."

Baba akaniinamia. "Usiogope. Jumatatu tunarudi kwa mama yule."

Jumatatu nilibeba kikombe changu. Kwenye njia panda baba akakata kushoto, ameushika kwa nguvu mkono wangu ulio mzima. Mkandaji alinikanda, akanifunga matambara vidole vikiwa vimejikunja, mpaka mvua zikaisha. Nililia sana. Shangazi alifurahi.

Watu wasimsingizie Mungu kwa mkono huu. Ni baba na shangazi.

Baba alishakufa. Shangazi mikono inamtetemeka, kila asubuhi ananiita nimfunge vifungo vya gauni. Namfunga kwa mkono mmoja.

"Polepole, mtoto, unaniumiza!"

"Vumilia, shangazi," namjibu. "Ukilia ndiyo ujue unatibiwa."