Siku Niliyopanda Mabati ya Bi Zuhura

Nimezeeka na aibu hii, na wale walioniona siku ile wengi wamehama ama wamekufa, lakini nikikutana na mmoja aliyebaki bado navuka barabara, kwa hivyo acha niseme mwenyewe kabla yeye hajawasimulia na chumvi yake.

Nilikuwa kibarua kiwanda cha sabuni, Industrial Area, na nilikaa mtaa wa Umoja wakati nyumba zilikuwa bado mpya na kila mwenye nyumba anaongeza chumba cha mabati kwa nyuma apangishe watu kama mimi. Chumba kimoja, pazia katikati, mimi na mke wangu Truphena na mtoto wetu Ayub hajatambaa. (Pazia lilikuwa la maua, hiyo haina maana hapa lakini nililipenda.) Sasa rafiki yangu mmoja alikuwa anafagia studio ya televisheni, akaniambia wanatafuta watu wa kujaza mchezo, wale wa kupita nyuma na kukaa kama umati, chai iko, mkate uko. Nikaenda nimeazima tai. Tukakaa kwenye benchi asubuhi nzima, halafu mkubwa wa mchezo akatoka akatuangalia, akauliza, "Nani kati yenu hana aibu?" Watu wote wakatazama chini. Mimi nikainua mkono. Mpaka leo sijui ni kwa nini, nafikiri ile benchi ilikuwa imenichosha.

Kumbe alitaka mgonjwa wa mganga. Tai ikatolewa, shati ikatolewa, suruali pia, nikabaki na chupi, nikapakwa unga mwili mzima, nikaambiwa mganga akitoa kisu nikimbie mbele ya kamera. Nikakimbia vizuri sana, hata wale wa kushika taa walicheka. Nyumbani nikasema tu kwamba nimeigiza, nikatangazia laini nzima ya nyumba zetu siku na saa ya kuonyeshwa. Ya chupi sikusema.

Jumapili ya mchezo, narudi kutoka kunyolewa, nakuta kuku mgeni amefungwa mguu mlangoni petu. Mama mkwe ameingia na basi kutoka magharibi, bila barua, kuona mjukuu.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu vijana wa siku hizi wanakumbatia mama mkwe kama shangazi. Kwetu hamshikani mikono, hamli pamoja, hamtazamani usoni. Akipita unainamisha kichwa, na yeye anainamisha chake. Na akiuona mwili wako bila nguo, huo ni mwiko mkubwa, anaweza kumchukua binti yake akaenda naye, na hakuna mzee wa kumlaumu. Dada yake Truphena alichukuliwa hivyo hivyo, kwa sababu mume alilewa akajisaidia ukutani mama mkwe akiona, na yule dada hakurudi tena, na watoto wakaenda na yeye.

Tena kwa heshima hiyo hiyo mama mkwe hawezi kulala chumba kimoja na mkwe, hata pazia liwe la maua namna gani. Kwa hivyo Truphena alikuwa amempeleka alale nyumba ya mbele, kwa mwenye nyumba wetu Bi Zuhura, mama wa Mombasa aliyetuuzia mahamri. Na Bi Zuhura ndiye alikuwa na televisheni ya pekee katika laini yetu.

Nikaenda mlangoni kwake, jua bado liko, nikakuta sebule imejaa watu mpaka sakafuni, na mbele kabisa, kwenye kiti kizuri, mama mkwe, macho kwenye mkeka.

"Ingia, mwanangu, waonea haya nini?" Bi Zuhura akasema. "Nishamwambia mamako, leo atamwona mkwewe ndani ya kioo kama waziri."

"Truphena," nikasema, "njoo hapa nje kidogo."

"Mchezo ukiisha, Baba Ayub."

"Ni haraka."

"Mwacheni, ni staa huyo," mtu akasema kutoka sakafuni. "Sasa anataka afunguliwe mlango wa gari." Wakacheka, na mimi ningesema nini mbele ya watu, na mama mkwe yuko pale? Ningesema nimevaa chupi? Nikarudi nyuma, nikaona kitu kimoja tu cha kuniokoa. Antena.

Ilikuwa imefungwa kwenye mti mrefu juu ya kile chumba cha mabati tulichopanga sisi. Nikavua viatu nisipige kelele. Nikavua shati nikajifunga kichwa na uso, nikabakisha macho, jirani akiona asinijue (akili ya uoga hiyo, usiniulize). Nikapanda. Mabati yakalia, nikalala kifudifudi, nikatambaa, na msumari ukashika suruali yangu kiunoni, nikavuta, ukavuta, na suruali ikaona ni heri ibaki na msumari. Sikujali. Nilifika kwenye antena nikaizungusha ikatazama Mombasa, na huko ndani nikasikia watu wote wakisema "aaa," picha imekuwa chenga. Nikashukuru Mungu.

Ndipo sauti ya mwanamke ikapasuka uani, chini yangu kabisa. "Mwizi. Mwizi juu ya nyumba."

Niliijua ile sauti. Baadaye Truphena aliniambia kwamba mchezo ulipotangazwa tu, mama alimchukua mtoto akatoka kwa mlango wa nyuma, akisema kumkodolea macho mkwe, hata ndani ya kioo, si adabu.

Sebule yote ikamwagika nje, na laini ya pili, na ya tatu. Jiwe la kwanza lilinipata bega. La pili sikuliona, nilikuwa nimeshaanguka. Mtu akanikunja mikono nyuma, mwingine akanikanyaga shingo.

"Huyu ndiye amemaliza sufuria zetu."

"Na amekuja na chupi, tayari kuteleza akishikwa."

"Nani ako na mafuta ya taa?" Huyo wa mwisho hakupiga kelele, aliuliza kama mtu anayeomba chumvi, na nikasikia mlango unafunguliwa, mtu ameenda kuleta. Ilinibidi tu niseme jina langu. Lakini ulimi ulikuwa umekauka, na nitawaambia ukweli ambao sijamwambia hata Truphena: kidogo cha moyo wangu kilisema heri nife mwizi asiyejulikana, watanizika, kuliko nifunuliwe uso nionekane ni mkwe.

Halafu watu wakapisha. Mama mkwe alikuwa amesogea, mtoto mgongoni, anatazama chini kama kawaida yake. Miaka minne yule mama hakuwahi kuniangalia usoni. Alikuwa ameangalia miguu yangu. Na mguu wangu wa kushoto hauna kidole cha mwisho, jembe lilikichukua nikiwa mdogo.

"Mwacheni," akasema. "Hii miguu ni ya mkwe wangu."

Akafungua leso ya kiunoni aliyoazimwa na Bi Zuhura, akageuza uso pembeni, akanifunika kutoka kiunoni mpaka magotini, kwa mkono wake mwenyewe, yeye ambaye hakuwahi kunipa mkono wa salamu. Yule wa mafuta ya taa alirudi na chupa akaiweka chini polepole, kama ni maziwa.

Asubuhi mama mkwe aliondoka bila kunywa chai, na nililia nikijua Truphena anafuata. Hakufuata. Mama alikuwa amemwambia, "Kaa na mume wako, huyo ameogopa vya kutosha." Desemba nikapeleka kondoo na shuka kama wazee walivyoagiza, maneno yakasemwa, mwiko ukaondolewa. Wakati naaga, macho yake yako chini, akaniuliza, "Baba, kwa ile televisheni walikuvalisha nini?"

"Suti, Mama."

Akaitazama miguu yangu muda mrefu. "Na viatu?" akasema.

Mchezo wenyewe hakuna mtu wa laini yetu aliyeuona, hata mimi. Na tangu siku hiyo, iwe ni kanisani, iwe ni mkutano wa chifu, mkubwa akisimama akiuliza nani kati yenu, mimi mkono wangu naukalia.