Nguruwe Aliyenukia Dagaa

Nakiri mwenyewe kabla jirani hajawasimulia. Hapa Mwamkulu nilifuga nguruwe kwa ajili ya siku moja tu, siku ambayo wazazi wa mchumba wangu Sofia wangekuja kuona kama naweza kutunza familia. Kila jioni nilimchanganyia pumba na dagaa wa kusaga. Alinenepa mpaka nikawa namtazama kama mtu anayesoma shairi lake mwenyewe.

Mama Kulwa, jirani yangu aliyefuga miaka mingi, alinionya. "Mwanangu, acha kumpa dagaa mwezi mzima kabla ya kuchinja. Mpe pumba tu."

Nilidhani ananionea wivu. Nikaendelea mpaka siku ya mwisho.

Wageni wakaja, nyama ikapakuliwa. Baba yake Sofia alitafuna kidogo, akanusa kipande, akakirudisha kwenye sahani. Nami nikanusa changu. Kilinuka samaki! Bila kufikiri nikamgeukia dada yangu.

"Neema! Umekaangia kwenye kikaango cha dagaa?"

Neema akakileta kikaango mbele ya wote. Karatasi ya dukani bado ilikuwa imebandikwa kwenye mpini.

"Nimekinunua leo, kaka, kwa heshima ya wageni wako."

Hapo ndipo nilielewa kwamba mafuta ya mnyama hutunza kumbukumbu ya alicholishwa. Mzee akanitazama kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza.

"Kijana wangu, kikaango hakina kosa. Hebu tuambie, huyu nguruwe alikuwa anavua ziwa gani?"