Mchanga Hatukuununua

Mwanangu, iko asubuhi moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani. Nilimkuta mama yangu ameketi chini katikati ya mto wetu hapa Mwala, mbele ya lori, miguu ameinyoosha kama mtu anayechambua maharagwe uani kwake. Mto ulikuwa mkavu, mchanga mtupu, kama unavyokuwa karibu mwaka mzima. Dereva alikuwa anapiga honi. Mama wala hakumgeukia. Na lori hilo nilikuwa nimelileta mimi.

Nakwambia haya kwa sababu ya neno ulilolisema jana. Ulisimama pale ukingoni na viatu vyako vya mjini, ukatazama mchanga ulivyojaa, ukasema, "Mama, hii mchanga si ni yetu? Nikijenga hizo rental zangu Machakos, mchanga sinunui." Niligeuka nikapanda nyumbani, ukadhani nimekubali. Sikukubali! Maneno hayo ni yangu. Niliyasema mimi, hapohapo, nikiwa na umri wako.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nashona nguo katika kiwanda kimoja kule Athi River. Nilipanga chumba cha mabati, na kila mwisho wa mwezi nilimtazama mwenye nyumba akipita mlango kwa mlango kukusanya kodi, tumbo mbele, funguo zikilia mfukoni. Nikasema, hata mimi nitakuwa na milango yangu. Nikajinyima nguo, nikajinyima nyama, mpaka nikapata ploti.

Na usifikiri niliinunua kijinga. Nilikwenda ofisi ya ardhi mara mbili kuhakikisha kwamba jina la muuzaji ndilo lililo kwenye hati. Niliwauliza majirani kama mvua ikinyesha maji hutuama pale, kama barabara haijapimwa juu yake, kama bomba la maji liko karibu. Kisha nikakaa na fundi Mutiso, mtu wa kwetu, tukahesabu mawe, simiti, mabati, mbao, mpaka githeri ya kuwalisha vibarua. Kila kitu tulikipa bei. Tulipofika kwenye mchanga, Mutiso akacheka.

"Wewe si uko na mto kwenu? Mchanga ni bure. Utalipa lori tu."

Nami nikacheka. Wenye ploti jirani walikuwa wanalia kila siku juu ya bei ya mchanga, na mimi nilijiona mjanja kuwapita wote.

Ndivyo lori lilivyofika mtoni, na ndivyo mama alivyoketi mbele yake.

"Mwaitu, inuka, watu wanangoja," nilimwambia. Mwaitu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama.

"Wangoje. Hapa ndipo ninapochota maji."

"Ni mchanga tu. Mvua ikija, mto utaleta mwingine."

"Maji yako ndani ya huo mchanga, Mwende. Wewe umechota hapa tangu ukiwa mdogo. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Hilo ndilo linaloniuma. Nilijua kuchimba kwa kata, kungoja maji yajikusanye chini polepole, kuyateka bila kuyatibua. Kiangazi chote tuliishi kwa maji hayo, sisi na ng'ombe na nyumba zote za ukingo huu. Nilijua vizuri sana, lakini nilitaka milango yangu. Basi nikamwambia, "Utakuja kukaa kwangu. Kuna mfereji uani, ukifungua maji yanatoka. Hutainama mtoni tena maishani mwako."

Nikamshika mkono mmoja, nikamwinua. Alikuwa mwepesi. Hakushindana nami, alijikung'uta tu leso yake akapanda kwenda nyumbani, na wapakizi wakaanza kazi.

Mchanga niliouchukua haukuwa mwingi, nitajitetea kwa hilo. Lakini ili lori lishuke, nilikuwa nimelipa vijana wabomoe ukingo na kutengeneza njia. Vyumba vyangu vilipokwisha, njia ilibaki. Yakaja malori mengine, ya watu nisiowajua, hayakubisha hodi kwa mtu. Mama alipowafokea, wakamjibu, "Si nyinyi ndio mlianza?" Wakaendelea kupakia. Walichota mpaka mwamba ukaonekana. Mvua ya Novemba ikanyesha, maji yakapita juu ya mwamba mbio, yakaenda zake, na wiki chache baadaye hapakuwa na hata unyevu.

Haikuwa shida ya mama peke yake. Visima vya mtoni vya majirani vilikauka vyote, kuanzia cha Syombua, mama wa boma la pili, aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto. Kanisani benchi ya mama ikawa na nafasi kila Jumapili, maana hakuna aliyetaka kuketi naye. Mimi nilikuwa Athi River, sikuyaona hayo. Mama ndiye aliyekaa kwenye benchi hiyo.

Akawa anaondoka na punda kabla jua halijatoka, anafuata maji mto mwingine, anarudi mchana. Ng'ombe wakauzwa mmoja mmoja. Na vyumba vyangu, mwanangu? Vilijaa! Kodi ilikuja vizuri. Nikaichukua kodi hiyo nikawa nanunua maji ya kumpelekea mama nyumbani. Cheka ukitaka. Mimi nilicheka pia, siku moja, peke yangu, mpaka nikalia.

Mgongo ulipomshinda, nilimleta kwangu. Nilimtayarishia chumba cha mwisho, chenye dirisha la barabarani. Asubuhi yake alipoamka akaenda kwenye mfereji kunawa uso. Akaufungua. Ukakohoa, kisha kimya. Maji yalikuwa yamekatika tangu juzi, na nilikuwa nimezoea hata nikasahau kumwambia. Mama alitazama mfereji, akanitazama mimi. Woi, mwanangu, bora angenitukana! Niliita kijana wa mkokoteni nikamnunulia mama mtungi mmoja wa maji. Alinawa, akafunga leso zake, akasema nimrudishe Mwala siku hiyohiyo.

Hakunilaani. Nilingoja laana yake miaka, haikuja. Aliacha tu kuniomba kitu chochote. Alipofariki, maji ya kuwapikia waombolezaji yalinunuliwa, hapa, ukingoni mwa mto uliomlea yeye na sisi sote.

Baada ya mazishi, Syombua na wanawake wa mwethya, kile kikundi chetu cha kusaidiana kazi, waliamua kujenga ukuta wa mawe kukinga mto ili mchanga urudi. Nikaenda na bahasha. Syombua hakuigusa.

"Pesa peleka Athi River," alisema. "Hapa tunataka mawe."

Nilibeba mawe. Kila Jumamosi nilipanda gari kutoka Athi River kuja kubeba mawe na wanawake ambao hawakuniitikia salamu. Mchanga ulirudi kidogo kidogo, mvua baada ya mvua, na salamu nazo hivyohivyo. Mchanga uliouona jana ukasema ni wetu, ndio huo.

Basi jenga, sikukatazi. Milango ya kupangisha imekusomesha wewe, siwezi kuitukana. Lakini unapohesabu gharama, ukiambiwa kitu fulani ni cha bure, simama hapohapo uulize ni nani atakayekilipia. Mara nyingi ni mtu wa kwenu, na hayupo kwenye hesabu yenu. Ukifungua njia, jua wengine wataipita nawe hutakuwepo kuwazuia. Ukaone ploti yako siku maji yamekatika, si siku aliyokuchagulia muuzaji. Weka akiba ya miezi ambayo vyumba vitakaa vitupu, maana itakuja. Na kama huwezi kununua mchanga, basi bado hujaweza kujenga. Ngoja mwaka mmoja. Mimi ningengoja mmoja tu, mama angekunywa maji yake mpaka mwisho.

Mungu akubariki, mwanangu. Kuta zako zisimame, wapangaji wako wawe watu wa amani, mfereji wako usikohoe mbele ya mgeni. Na siku utakaponiletea mjukuu hapa, achimbe mchangani kwa mikono yake, apate maji. Lakini ukileta lori, utanikuta nimeketi palepale alipoketi mama yangu. Na mimi si mwepesi kama yeye.