Alama ya Nthiwa kwenye Mkanda wa Ndovu

Nthiwa simpendi. Naliweka wazi mapema, ili mtu asije akadhani moyo wangu umelainika kwa sababu ya haya nitakayosimulia. Tumeishi jirani huku Ikutha miaka thelathini, mashamba yetu yanagusana, na hadi leo nikimwona anakuja kwa njia nageuka kuangalia mbuzi, hata kama mbuzi hawapo.

Ni mtu mfupi, goti bovu, mdomo mzima. Baba yake alikuwa mfuga nyuki kama wangu, akamwachia mizinga arobaini na tabia ya kutia alama kila kitu. Huku kwetu kila ukoo una alama yake. Inachomwa kwenye mzinga kwa chuma cha moto ili mwizi ajue anamwibia nani. Hiyo ni sawa, hata mimi nachoma. Lakini Nthiwa mistari yake mitatu na nusu duara ameichoma kwenye mpini wa jembe, kwenye kigoda, kwenye jerikani la maji, hadi mlango wa choo. Siku moja nilimwambia mkewe, Syokau, awe anajihadhari akilala, asije naye akachomwa. Syokau alicheka. Nthiwa hakucheka.

Tulikosana juu ya mzinga. Upepo ulikuwa umeuangusha mzinga wangu mmoja huko porini, yeye akauokota, akautundika juu ya mgunga mwingine, akachoma alama yake kando ya yangu. Hiyo ni desturi ya wafuga nyuki wa huku. Ukikuta mali ya mtu imeanguka msituni, unaitundika na kutia alama yako, maana yake kitu hiki kina mtu anayekichunga, mwenyewe aje aniulize. Hakuna anayekigusa. Basi ilibidi niende kuuliza. Alinipa mzinga wangu, lakini kwanza aliniuliza, mbele ya wazee wanne wa kanisa, kamba ya kuutundika niliibadilisha lini mara ya mwisho. Nikasema mwaka jana. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kamba yenyewe, imeoza, akawapitishia waione. Tangu siku hiyo tunaongea mambo ya matanga tu.

Sasa mtu kama huyo, mradi wa ndovu ukaja ukampa buti.

Kambi ya mradi iko ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kambu. Kazi yao ni kuwavalisha ndovu wa Tsavo mikanda shingoni. Mkanda ni mnene, una kisanduku, na kisanduku kinaongea na setilaiti huko juu. Setilaiti inaiambia kompyuta, kompyuta inamwambia daktari wao, na daktari anajua ndovu yuko wapi akiwa amekaa kwa kiti. Walitaka mtu wa kuzunguka huku kwetu kuangalia nyayo na kinyesi na kuandika kwa simu. Wakamchukua Nthiwa, kwa sababu hakuna anayejua msitu ule kumliko. Hilo nalisema kwa shingo upande.

Hapo tukawa na profesa wa anga. Ungemkuta mbele ya duka akiwafundisha watu jinsi setilaiti inavyozunguka dunia. Kile chuma kikubwa cha roketi kilipoanguka Mukuku, kule Makueni, mwisho wa mwaka wa elfu mbili ishirini na nne, Nthiwa alizungumza wiki nzima utadhani yeye ndiye alikiangusha. Alisema siku hizi wataalamu wanahesabu ndovu kwa picha zilizopigwa kutoka angani. Nikamuuliza, ikiwa wanawaona namna hiyo, mbona hawawaoni wakiwa shambani kwa ndengu zangu? Watu wakacheka. Akaniambia mimi naongea kama mtu wa zamani. Yeye ana miaka sitini na mitatu, mimi sitini na mmoja.

Ndovu aliyetusumbua zaidi tulimwita Chairman, kwa sababu aliingia shamba la kila mtu na hakuna aliyeweza kumwambia kitu. Dume kubwa, pembe ya kushoto imevunjika, sikio la kulia lina tundu la ukubwa wa sahani. Mkanda wake ulikuwa wa kwanza kufungwa upande huu.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, Nthiwa alikuta ule mkanda umeanguka korongoni. Ulikuwa umelika kwa kusuguliwa na miti, ukakatika. Sehemu hiyo haina mtandao, mkanda ni mzito, na goti lake mnalijua. Akaogopa wachoma makaa wataupata waukatekate washone viatu. Akafanya kile ambacho kichwa chake kilimwambia. Aliwasha moto, akapasha kisu chake, akauchoma mkanda mistari mitatu na nusu duara, akautundika juu ya mti wenye mzinga wake. Kisha akarudi nyumbani, simu imezima, akapanga kuwapigia asubuhi akishaichaji.

Asubuhi walifika wao. Mkanda ulikuwa umelala mahali pamoja siku mbili kabla hajauona, na kompyuta ikishaona ndovu hasogei inasema amekufa. Walikuja na askari wa wanyamapori. Wakakuta mkanda mtini, umekatika, una alama ya moto, na ndovu hayupo. Ndege ikazunguka kutwa ikitafuta mzoga. Setilaiti ilijua mkanda uko wapi. Shingo iko wapi haikujua.

Nthiwa aliwaeleza kila kitu, tena bila kuulizwa mara mbili. Akasema, "Nilichoma alama mtu asiuguse, nikautundika nikingoja mwenyewe." Hawakumwamini. Mtu akishikwa na mambo ya pembe za ndovu nchi hii anaweza kufia jela, na Nthiwa alilijua hilo kuliko sisi wote, kwa sababu ndiye alikuwa akituhubiria.

Ilikuwa siku ya soko. Daktari wao alikuja moja kwa moja kwangu, mbele ya watu wote, ameubeba mkanda. Anaitwa Kanini, msichana mzuri, Mkamba kama sisi, lakini amezaliwa Kambu kando ya barabara kuu, na mizinga anaijua ya vitabuni tu.

"Mzee Mbaluka," akasema, "wameniambia wewe ndiye mkubwa wa wafuga nyuki hapa baada ya Nthiwa. Anasema ukiokota kitu unakitia alama yako ili watu wasikiguse mpaka mwenyewe aje. Ni kweli?"

Kumbe hata mbele ya daktari niko baada ya Nthiwa. Nilimwona amesimama kando ya landikruza katikati ya askari wawili. Aliniangalia kama mtu ambaye shida yake imeisha, kwa sababu nani anaijua desturi ile kuniliko? Na sitadanganya tena, akilini niliiona ile kamba iliyooza ikipitishwa mkono kwa mkono.

"Alama ni mali," nikasema. "Ukichoma alama yako umesema kitu ni chako."

"Hakuna maana nyingine?"

"Mimi najua hiyo."

Pale sokoni wako waliojua, lakini hakuna aliyetaka kuitwa shahidi mambo ya ndovu. Askari wakamwingiza Nthiwa garini. Mama yake, Katunge, aliye na miaka tisini na kitu na masikio mazito, alitembea na fimbo mpaka kwa gari akawauliza askari wanampeleka wapi mtoto wake. Sijui walimjibu nini. Gari likaondoka.

Nilifurahi. Siku mbili nzima nilitembea nimenyoosha mgongo. Jumapili kanisani waliombea Nthiwa, na mimi nikaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Korti ilikuwa imesema azuiliwe wakitafuta mzoga, na habari zikaja kwamba mama yake amekataa kula. Hapo usingizi ukaanza kunisumbua, lakini nilijiambia ni joto.

Siku ya sita, saa tatu asubuhi, mke wangu Kalunde aliniita kwa sauti ya chini. Nikatoka. Chairman alikuwa katikati ya shamba letu.

Pembe ya kushoto imevunjika. Sikio la kulia lina tundu. Shingoni hakuna kitu, ila mstari mweupe pale mkanda ulipokaa. Anang'oa ndengu na mizizi, anakung'uta udongo kwa goti, anakula. Maganda yalikuwa yameanza kukauka, tulikuwa tumebakisha wiki moja tuvune. Msimu uliotangulia mvua ilitunyima, kwa hivyo hilo shamba ndilo lilikuwa chakula chetu chote.

Kalunde alikuwa tayari ameshika debe na rungu la kulipigia. Ukipiga debe vizuri ndovu anaondoka. Ataingia hifadhini, na Tsavo ni kubwa, pengine asionekane tena mpaka mvua nyingine. Nilisimama pale nikiyafikiria hayo, na wazo lililonijia kwanza ni kulipiga debe. Nikanyoosha mkono kulichukua. Kisha nikaurudisha mkono.

"Weka chini, Mama Kiema," nikamwambia Kalunde.

"Umerukwa na akili? Anamaliza."

"Huyu ndiye wanasema Nthiwa amemuua."

Kalunde hakuwa sokoni siku ile. "Na wewe walipokuuliza," akasema, "uliwaambia nini?"

Nikamwambia. Maneno yenyewe, vile nilivyoyasema. Baba yake Kalunde alikuwa na mizinga sitini, hakuna haja ya kumfafanulia. Aliliweka debe chini polepole, akaenda akaketi kwenye kizingiti cha jikoni, mbali na mimi.

Nikampigia Kanini. Hakuamini. Nikamtajia pembe, nikamtajia sikio, nikamtajia mstari mweupe. Akasema, "Usimfukuze, Mzee. Tafadhali. Tunakuja, ni masaa mawili."

Masaa mawili. Nikakaa kwa jiwe nikamwangalia ndovu akila mwaka wangu. Alikula mstari kwa mstari, hana haraka, mara anasimama anaelekeza mkonga kwangu, kisha anaendelea. Nilimchukia. Nilimchukia Nthiwa hata zaidi, kwa kuwa na alama, kwa kuwa na buti, kwa kuniangalia vile kando ya gari. Kila baada ya kitambo niliinuka nikachukua debe, nikaketi tena nalo magotini. Kalunde hakuniletea hata maji.

Gari lilipofika ndovu alikuwa amebakisha kona moja. Kanini alishuka mbio na kamera, akapiga picha, akarudia, "Ni yeye, ni yeye." Ndovu alitutazama, akageuka, akaenda zake kwa ndengu za watu wengine. Hapo ndipo nikamwambia Kanini, "Na Nthiwa alisema kweli juu ya alama."

"Lakini wewe uliniambia—"

"Nilikuambia nusu."

Alifunga kamera yake kwanza. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Mzee, kuna mtu amelala seli siku sita juu ya nusu yako." Hakuniaga.

Walimwachilia Nthiwa keshokutwa yake. Mradi ulimpelekea barua ya kuomba radhi na kumtaka arudi kazini. Alizirudisha buti zimeoshwa, na barua ndani ya buti moja. Ile simu pia aliirudisha. Sasa hakuna anayezunguka kuangalia nyayo, na ndovu wanaingia tukiwa hatuna habari.

Jioni ya Jumatano Nthiwa alikuja kwangu. Alisimama nje ya boma, hakuingia, nami sikumkaribisha. Alikuwa amekonda.

"Nimeambiwa ulikaa ukamwangalia akimaliza shamba," akasema. "Kwa hilo asante."

"Ni sawa."

"Lile lingine ulilisema mbele ya soko zima. Mimi usiniambie kitu." Akaondoka akiburuta goti lake.

Mimi siombi watu msamaha. Hata Kalunde hajawahi kunisikia. Lakini Kalunde alikuwa hajanisemesha tangu siku ya ndovu, zaidi ya kuniwekea chakula, na tena chakula chenyewe ni cha kuomba kwa ndugu zake Migwani. Siku ya soko ilipofika nilivaa koti la kanisani, nikaenda nikasimama mbele ya duka, pale pale Kanini aliponikuta.

Nikasema, "Mimi Mbaluka nilidanganya. Daktari aliniuliza maana ya alama na niliijua. Nthiwa hakuiba, aliuweka mkanda kwa ajili ya mwenyewe, vile baba zetu walivyofanya, na vile yeye mwenyewe alivyoniwekea mzinga wangu. Nilinyamaza kwa sababu simpendi."

Watu walisimama kidogo. Mmoja akauliza kama ndovu ndiye amenituma, wakacheka, wakarudi kwa mbuzi zao. Nthiwa hakuwapo. Nilidhani nimemaliza, nikaanza kuvua koti, joto lilikuwa kali.

Syokau, mke wa Nthiwa, alikuwa ameketi nyuma ya maembe yake. Alikuwa amenisikiliza mpaka neno la mwisho bila kuinua uso. Sasa akainuka, akamshika mkono mama mkwe wake aliyekuwa ndani kwenye kivuli cha duka, akamleta taratibu na fimbo yake mpaka mbele yangu.

"Anza tena," akaniambia. "Na upandishe sauti, mama hasikii vizuri."

Nikafunga vifungo vya koti, nikaanza tena.