Jina la Tatu

Asubuhi ile Fundi alikuwa anashona buti langu la kushoto nje ya geti la zahanati, pale Kawangware. Mimi nimekaa kwenye stuli na soksi moja, namsimamia kana kwamba kazi yake naijua.

"Hii buti imechoka kukushinda, Mwende," akasema.

Nikamwambia ashone, aache mdomo.

Kila mtu alimwita Fundi. Alishona viatu pale kwa miaka, akiongea Sheng ya mtaa kama aliyezaliwa nayo, na hakuna aliyejua kwao ni wapi. Wala hatukuuliza.

Mimi nilikuwa soja wa geti, mlinzi wa zahanati. Watu hucheka soja, lakini kazi yangu niliipenda, na mwandiko wangu nilijivunia. Supavaiza alitufundisha hivi: anayeingia aandikwe kitabuni majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Mwenzangu wa zamu nyingine aliandika "Mama Brayo" na maisha yakaendelea. Mimi, hapana. Yote matatu, kwa herufi kubwa.

Mchana huo matokeo ya uchaguzi yalitangazwa. Haikupita saa moja, moshi wa matairi ukawa umefika kwetu na watu wanakimbilia getini. Nikawafungulia. Na unajua nilifanya nini? Nikawapanga laini niwaandike. Mungu wangu! Mtaa unawaka, na mimi naitisha vitambulisho.

Fundi alifika wa mwisho, amebeba sanduku lake la vifaa.

"Si uandike tu Fundi?" akaniambia polepole.

"Sheria ni ya wote. Toa kitambulisho."

Akanitazama, akatoa. Niliposoma jina la tatu nilielewa kwa nini alisita: lilitaja kabila lake, na ndilo lililokuwa likisakwa mtaani siku hiyo. Hata hivyo nikaliandika.

Nilikuwa nimeshafunga geti vijana walipokuja, kama ishirini, na mapanga. Kibanda changu kilikuwa na dirisha la kuelekea barabarani. Mmoja akaingiza mkono, akachukua kitabu.

Akasoma kwa sauti, kidole kikishuka jina kwa jina. Hakupata taabu yoyote. Mwandiko ulikuwa safi.

Kidole kikasimama kwa Fundi.

"Huyu tunamtaka. Mtoe, ama tuchome yote."

"Aliingia, akatoka," nikasema.

"Na mbona hapa saa ya kutoka hakuna?"

Wodini walikuwa akina mama watatu waliojifungua siku hiyo. Fundi alikuwa amesimama nyuma yangu, amesikia kila kitu. Akaweka sanduku chini, karibu na miguu yangu.

"Fungua, Mwende."

"Siwezi."

"Kuna watoto huku ndani. Fungua."

Nikafungua. Kwa mkono wangu huu.

Siku tatu baadaye mkewe alimpata mochari. Kutoka huko alikuja moja kwa moja getini, leso kiunoni, macho makavu.

"Walijuaje?" akaniuliza. "Hata majirani zetu hawakuwa wanajua."

Ningeweza kusema sijui. Mdomo ulikuwa tayari kusema hivyo.

"Ni mimi nilimwandika," nikamwambia. "Aliniomba nisiandike, nikaandika."

Hakunipiga, na siku ile ningeshukuru angenipiga. Alichukua sanduku la vifaa, akaondoka, na mpaka leo hajaniongelesha. Simlaumu.

Siku hizi natembea kila asubuhi kutoka Kianda ninakoishi hadi Ayany, ambako nalinda geti la nyumba za kupanga. Walionisikia nikisimulia huniambia kazi ni kazi, ningefanyaje? Wananituliza tu. Waliomuua ni wale vijana, hilo nalijua na sitajibebesha panga lao. Lakini mwenye kalamu nilikuwa mimi, na yeye aliniomba kitu kidogo sana. Mgeni akiniambia anaitwa Mama fulani, naandika Mama fulani. Supavaiza wa sasa hunigombeza kwa hilo. Namwacha agombeze.

Lile jina la tatu nalikumbuka herufi kwa herufi. Nimesimulia haya yote na sijalitaja popote. Aliniomba niandike Fundi tu, na hapa nimeandika Fundi.