Karai Haliendi Tupu

Enzi zetu, ukionekana unateremka kwenye miti na karai tupu, uliitwa kwa jina lako la ubatizo, na kwetu jina la ubatizo lilikuwa la kanisani na la wakati wa kuchapwa. "Margaret! Karai haliendi tupu!" Ilikuwa sauti ya mama kutoka jikoni, wala hakuwa na haja ya kuchungulia. Alijua kwa mlio. Karai lenye majani halipigi kelele likigonga goti, lakini karai tupu linasikika hadi kwa jirani. Basi ulirudi mbio, ukazoa maganda ya maharagwe, majani makavu ya migomba na mabua yaliyokataliwa na ng'ombe, ukajaza, ndipo ukaruhusiwa kushuka.

Tulikaa Theta, wakati Theta ilikuwa mashamba na bado haijawa ploti. Shamba letu lilikuwa refu na jembamba, kutoka barabarani hadi kwenye kijito, na kule chini, kabla ya kufika majini, palikuwa na miti ambayo hakuna mtu aliyeipanda: mikinduri, miringa, na muiri mmoja mzee uliokuwa na gome jeusi lililopasukapasuka. Mahali pale tulipaita mutituini, yaani msituni, ingawa ungerusha jiwe kutoka upande mmoja likatokea upande wa pili. Kwetu watoto ulikuwa msitu kamili. Tulicheza kibe humo, na tuligombania mbegu za mkinduri kwa sababu ndizo zilikuwa gololi zetu.

Kila mwaka kabla ya mvua ya njahi, ile mvua ndefu, mama alitengeneza kitalu cha sukuma wiki na managu nyuma ya jikoni, na kitalu hicho hakikukubali udongo mwingine ila ule wa mutituini. Tulitumwa mimi na ndugu yangu Njoroge, kitinda mimba wetu, ambaye hata wakati huo alikuwa hodari wa kutafuta njia ya mkato. Kwanza ulimwaga majani uliyokuja nayo chini ya mti. Kisha ulisogea mahali pengine, palipomwagwa majani miaka iliyopita, ukafunua polepole kwa mkono. Juu kulikuwa na majani makavu ya juzi, yanayovunjika. Chini yake yalikuwa yamelowa na kushikana, yamebaki mishipa tu, na kati yake nyuzi nyeupe nyembamba zimetandaa kila mahali. Ukifunua zaidi ulikuta jongoo, nyungunyungu na vidudu ambavyo hatukuwa na majina yao, kila mmoja anatafuna kazi yake. Halafu ndipo ulipofikia udongo wenyewe, mweusi, mwepesi, wa baridi hata jua likiwaka. Nikifunga macho naunusa mpaka leo. Ulinuka kama mvua ya kwanza, hata kiangazi.

Ulichukua kidogo, ukafunika. Hukuruhusiwa kuchimba mpaka kwenye mwekundu. Ukirudi na wekundu kwenye karai, mama aliurudisha mwenyewe, na wewe ukienda mbele yake.

Baba alikuwa mkata mawe kwenye kwari, na Jumapili moja baada ya kanisa alitupeleka kutuonyesha mahali alipokuwa anaachia mgongo wake. Nakumbuka ule ukuta uliokatwa wima. Juu kabisa nyasi, chini yake mstari mweusi mwembamba ambao unene wake haukufika hata goti langu, kisha wekundu mwingi, kisha changarawe ya maramu, kisha jiwe la kijivu hadi chini. Baba aliuelekezea kidole ule mstari. "Mnaona hii nyeusi? Hii ndiyo chakula. Hiyo ingine yote ni sahani," akasema. Njoroge akauliza nyeusi ilitoka wapi. Baba akatuonyesha upande wa zamani wa kwari, ulioachwa tangu kabla hajaajiriwa. Mawe ya pale yalikuwa yameota madoa ya kijani na kijivu. Kwenye nyufa zake kulikuwa na vumbi kidogo, kwenye vumbi nyasi, na kwenye ufa mmoja mche wa muringa ulikuwa umeingiza mzizi na kulipasua jiwe kama mtu anayepasua ndizi. Alituambia mti ukila jiwe hivyo, ukaangusha majani, yakaoza juu ya makombo ya jiwe, hapo ndipo udongo unazaliwa, na mti mwingine unapata pa kusimama. "Lakini mimi sitauona," akasema. "Hata nyinyi hamtauona." Alisema bila huzuni, halafu akatununulia mandazi.

Kwa hivyo mwalimu wa kilimo alipotuchorea tabaka za udongo ubaoni, sisi tulikuwa tumeshaziona. Tulijua pia kwa nini nduma, yaani magimbi, za kijito chetu hazikukauka Januari. Mvua iliyoanguka mutituini haikukimbia. Ilinywewa na ule weusi, ikakaa huko chini, ikatoka polepole. Miti ilikunywa humo humo, ikaachia majani, majani yakawa udongo, na udongo ukarudi kuilisha miti. Mama hakuwahi kutueleza haya. Alitupigia kelele za karai tu.

Sasa mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, na ninakaa Membley. Ni mtaa mzuri, sikatai, una geti na askari na miti pande zote za barabara. Lakini hasira unayonipa inatosha kuchemsha githeri. Kila asubuhi vijana wa usafi wanapita na mafagio, wanafagia chini ya miti mpaka ardhi inang'aa. Jani halipati hata siku moja ya kupumzika chini. Yote yanatiwa kwenye mifuko ya plastiki, mifuko inasubiri gari la takataka. Takataka! Na vijana wetu wanaona sawa. Mjukuu wangu akigusa udongo anakimbilia dawa ya kupaka mikono, kana kwamba ametoka kuhudumia wagonjwa. Jirani yangu kijana, mwenye digrii na ndevu zilizochongwa vizuri, ameweka nyasi za plastiki mbele ya nyumba na anazipiga maji zisishike vumbi. Nikimwambia sisi tulicheza kwenye majani yaliyooza, ananiuliza kama hatukuugua. Tuliugua nini? Tuliugua kwa kula maembe mabichi.

Mwaka huu, mvua ya njahi ikikaribia, mwenyekiti wa kamati ya mtaa alitutangazia kwamba maua ya getini yamekataa kuota. "Udongo wetu umechoka," alisema. Kwa hivyo kamati ingeleta udongo mzuri. Nikamwambia mbele ya watu kwamba udongo haujachoka, unanyimwa chakula, aache majani yaanguke yakae. Wakacheka kwa adabu, vile watu wanavyomchekea mama wa umri wangu.

Jumamosi nikiwa natoka, nilikuta malori mawili yamekutana getini, moja halina nafasi ya kupita mpaka lingine lirudi nyuma. Lililokuwa linatoka lilikuwa limejaa mifuko ya majani yetu. Lililokuwa linaingia lilikuwa limejaa udongo mweusi. Nilisimama pale nikiwaangalia madereva wakipigiana honi, na nikiri nilicheka peke yangu kwa uchungu.

Lori la udongo lilipomwaga mzigo wake karibu na maua, ile harufu ikanifikia kabla sijafika. Niliinama nikashika. Kulikuwa na zile nyuzi nyeupe, zimekatikakatika. Kulikuwa na mbegu za mkinduri. Nikamuuliza dereva, kijana wa kofia nyekundu, ameutoa wapi.

"Madam, hii ni black forest original, haina hata jiwe moja," akajibu kwa fahari, maana ndivyo wanavyouita udongo wa msituni wakiuuza. "Tunaitoa huko Theta, wiki kadhaa sasa, kwa jamaa anaitwa Njoro. Shamba yake iko hapo chini na mto."

Sikumalizia safari niliyokuwa nayo. Niligeuza gari nikaenda nyumbani Theta.

Mama bado anaishi pale, pamoja na Njoroge na mkewe. Akili yake ni kali kuliko yangu, lakini magoti yameshakataa mteremko, na tangu mwaka jana hajashuka mutituini. Nilimkuta nyuma ya jikoni amekaa kwenye kigoda, amekipalilia kitalu chake, amekinyoosha kwa mkono. Uso ulimng'aa aliponiona.

"Wambui! Ni Mungu amekuleta," akasema, akiniita jina langu la nyumbani. "Mbura ya njahi iko karibu na sina mchanga ya kitalu. Huyu Njoroge namwambia kila siku, ananiambia kesho. Nishukie huko chini, mwanangu." Akanionyesha karai kando ya mlango. Alikuwa amelijaza tayari: maganda ya maharagwe na majani ya migomba, yamebanwa vizuri kwa kiganja.

Nilishuka nalo. Ningekuwa na nafasi ya kuchagua, nisingeshuka.

Walikuwa wamekwangua. Sina neno lingine. Kutoka kwenye muiri hadi kwenye kijito, ule weusi wote ulikuwa umeondoka, na chini yake wekundu ulikuwa umeachwa uchi na alama za koleo na za magurudumu yaliyopita njia ya kando ya kijito, mbali na masikio ya mama. Mizizi ilikuwa imetokeza juu, imechubuliwa, mingine imekatwa. Mvua ndogo ya juzi ilikuwa imeshachimba mifereji, na maji ya kijito yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Miche ya miringa iliyokuwa ikiota kivulini ilikuwa imelala chini, imekauka. Juu, majani ya mikinduri yalikuwa yameanza kugeuka manjano wakati ambao hayapaswi kugeuka. Hakukuwa na baridi yoyote. Na hakukuwa na harufu.

Njoroge alinifuata. Mikono mfukoni, kama alivyokuwa akisimama akiwa mdogo.

"Sikukata mti hata mmoja," akaanza kabla sijauliza. "Hesabu. Yote iko."

"Njoroge, umekata chini."

"Wambui, hiyo ni mchanga tu. Si itarudi? Majani si bado inaanguka?"

"Itarudi lini? Umesahau baba alisema nini kwa kwari?"

Akaangalia pembeni. Halafu akanigeukia naye amekasirika. "Na si ni nyinyi watu wa Membley mnaitisha? Mimi sikutafuta rori, rori ndiyo ilinitafuta."

Hilo likanizidishia hasira. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika hapa, kwa Kikuyu, na mengine kwa Kiswahili ili asikose kuyaelewa. Aliyapokea yote. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo, "Utamwambia mama?" Ndipo nikajua kwamba alichouza alikijua.

Nilipanda tena na karai langu. Majani yalikuwa bado yamo. Nilikuwa nimesimama pale chini nikakosa mahali pa kuyamwaga, maana kila nilipotazama palikuwa ni kidonda. Mama aliniona nikitokea, akanyoosha mikono kupokea udongo, halafu akaona kilichomo kwenye karai. Akarudisha mikono kwenye mapaja.

Nikamwambia. Ningefanya nini? Nilimwambia Njoroge ameuza mchanga wa mutituini, na kwamba lori limekuja na kuubeba wote mpaka kwenye mwekundu. Nilingoja alie, au aite jina la ubatizo la Njoroge kwa ile sauti ya zamani. Alikisugua kidole chake kilichoshika tope la kitalu.

"Hiyo rori," akauliza hatimaye, "ilikuja imebeba nini?"

"Ilikuja tupu, mama."

"Tupu." Akatazama mlango wa jikoni, kana kwamba aliyepaswa kupiga kelele kutoka humo hakuwepo. "Na hakuna mtu aliirudisha?"

Nikaliweka karai kando ya mlango, pale nilipolikuta.

Siku hizi kila Jumamosi nawahi getini kabla ya gari la takataka. Nachukua mifuko ya majani kadiri gari langu linavyoweza kubeba, vijana wa usafi wakinionea huruma, mwenyekiti akijifanya hanioni. Napeleka Theta. Njoroge ananisaidia kuyashusha kwa karai, bila maneno mengi, na tunayatandaza juu ya wekundu na juu ya mizizi, mvua inachukua sehemu yake na kupeleka mtoni, na tunatandaza tena. Mikinduri miwili imeshakauka. Muiri bado unajikaza. Kitalu cha mama hakijapandwa kitu mwaka huu, maana udongo wa dukani, ule wa mifuko, ameutazama mara moja akaomba utolewe.

Wajukuu wangu hawaelewi kwa nini nanuka majani yaliyooza kila Jumamosi jioni, na sitegemei waelewe. Wao wataishi kwenye dunia iliyofagiwa. Sisi enzi zetu tulishuka mutituini na karai la majani, tukapanda na karai la udongo, na mama akasikiliza kutoka jikoni. Bado anasikiliza. Nikipanda mteremko ule sasa, karai tupu linagonga goti langu na kulia njia nzima, na mama anausikia mlio wake, na haniiti.