Mgonjwa Aliyenuka Mbege

Wauguzi wapya walipoletwa idara ya dharura ya hospitali moja mjini Moshi, walikabidhiwa kwa Sista Aikaeli. Alikuwa mama kutoka Machame, kule mlimani, mwembamba, mwenye sauti kali, aliyeamka saa kumi alfajiri kukamua ng'ombe wake ndipo ashuke kazini. Aliwafundisha kutazama mgonjwa anavyohema kabla ya kumuuliza jina, na kuzuia damu kwa kiganja kabla ya kukimbilia bandeji. Jambo moja alilirudia hadi wakaliota: mtu akiletwa hajitambui, pima sukari kwanza, hata kama ananuka pombe.

Jumapili moja mchana, basi dogo la Coaster liliacha njia karibu na Bomang'ombe. Majeruhi kumi na mmoja waliingia kwa mpigo. Aikaeli alikuwa amebana mguu wa msichana uliokuwa ukivuja damu, pale majirani wawili walipomwingiza mzee mmoja, shati limelowa mbege, pombe ya ndizi.

"Tumemtoa kwenye sherehe ya kipaimara," mmoja alisema. "Ameanguka."

Aikaeli aligeuza shingo mara moja tu. "Huyo kalewa. Violet, mlaze ubavu pale pembeni, ataamka mwenyewe."

Violet alikuwa binti wa mtaa wa Pasua, ana wiki tatu tu kazini, mkimya hata Aikaeli alidhani hatadumu. Alimlaza mzee kama alivyoagizwa. Akasimama kidogo, kisha akachukua kipimo akamchoma kidole.

"Sista."

"Nini tena?"

"Sukari yake ni moja nukta nne."

Ilikuwa imeshuka kiasi cha kuua. Aikaeli alimwachia Jacob, muuguzi mwingine mpya, ule mguu, akaja mbio. Ngozi ya mzee ilikuwa baridi, jasho linamchuruzika. Mshipa ulimponyoka mara ya kwanza, akaupata ya pili, na Violet akasukuma glukozi taratibu. Zilipita dakika chache. Mzee alifumbua macho, akatazama dari, akauliza, "Nyama imeshagawiwa?"

Mkewe, Mama Elisifa, alifika akihema. Alieleza kuwa mumewe, Mzee Eliakim, alikuwa na kisukari. Asubuhi alijidunga insulini, halafu akashinda akiwahudumia wageni bila kutia kitu tumboni. Alianguka na mtungi mkononi, mbege ikammwagikia.

"Huyu hajaonja pombe tangu aokoke mwaka wa tisini," mama alisema, machozi yanamtoka.

Aikaeli angeweza kunyamaza. Kelele zilikuwa nyingi, na kati ya wauguzi agizo lake alilisikia Violet peke yake. Lakini kesho yake alisimama mbele ya wauguzi wapya wote sita.

"Jana nusura nimuue mtu," alisema. "Nilinusa, nikahukumu. Aliyemwokoa ni Violet. Hebu tuambie, ulijuaje?"

Violet aliinamisha kichwa. "Sikujua, Sista. Niliogopa tu."

"Uliogopa nini?"

"Wewe. Ulisema ukikuta mgonjwa hajapimwa sukari, utaturudisha chuoni."

Waliangua kicheko. Aikaeli naye alicheka, akajifuta macho, akaendelea kuyafuta hata kicheko kilipokwisha.

"Basi nikikosea tena, nizuieni," alisema. "Hata mbele ya daktari."

Wiki hiyohiyo, Aikaeli akifunga dripu, Jacob alimshika mkono. "Sista, hiyo siyo."

Aikaeli alisoma chupa upya, herufi kwa herufi. Ilikuwa sahihi.

"Asante, Jacob," alisema. "Sasa njoo nikuonyeshe kwa nini ndiyo hii."